Hela za Tendaguru: shajara ya kopo moja la sarafu, Lindi

12 Februari 2023

Kopo limejaa. Ni kopo la maziwa ya unga ninaloliweka kwenye droo ya meza yangu ya kutengenezea saa, hapa nyuma ya soko, Lindi mjini. Kwa miaka kama sita nimekuwa nikilidondoshea sarafu za Mjerumani bila mpango wowote. Moja mteja aliniachia badala ya pesa ya betri, nyingine nimeziokoa kwa jamaa wa chuma chakavu kabla hajazitupia kwenye mzani pamoja na mabomba ya shaba. Leo wateja hakuna, nimezimwaga juu ya taulo na kuzihesabu: 43.

Pesa ya Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ni moja, ile yenye tai upande huu na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Hela kumi za tundu ni mbili. Nusu rupia ya fedha ni moja, imelika mpaka Kaisari kabaki na kofia tu, sharubu hana. Zilizobaki 39 zote ni hela moja moja.

Naziita hela kwa sababu ndivyo zilivyoitwa. Kabla ya 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu ya Kihindi. Mwaka huo serikali ya Kijerumani ikaleta Heller, mia kwa rupia. Watu wakatamka hela. Leo mtu akikukatalia mkopo kwa kusema hana hela, anaitaja sarafu hiihii ya gramu 4, milimita 20 kwa upana, taji juu na mwaka chini yake, upande wa pili namba ndani ya shada la majani. Nimemwambia hivyo mwenye nyumba wangu wakati wa kodi. Hakucheka.

Kukusanya kila kitu cha Mjerumani siwezi. Ile rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916 sitaigusa maishani, na rupia mbili za 1893 na 1894 nimeziona kwenye picha tu. Kwa hiyo nachagua hela moja peke yake. Ukitaka zote, ziko 14. Zilipigwa katika viwanda viwili, Berlin wakiweka herufi A na Hamburg wakiweka J. Za 1904, 1905 na 1906 zina A na zina J. Kuanzia 1907 hadi 1912 ni J tupu. Za 1913 zina zote mbili.

26 Februari 2023

Hata 14 nimeona nyingi, au niseme hazina shabaha. Mtu akiniuliza kwa nini hizo, nitamjibu nini? Kwa sababu zipo?

Mama yangu ni Mmwera. Babu yake mzaa baba alibeba mifupa ya Tendaguru, kilima cha huku huku mkoani Lindi. Hilo tumelisikia tangu wadogo, na tulidhani ni mifupa ya watu. Baadaye shuleni ndipo nikajua ni ya yale majitu ya kale, dinosaria. Injinia Bernhard Sattler aliiona mwaka 1906, na kuanzia 1909 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara wake chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, msimamizi mkuu wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani. Mamia ya watu walichimba kwa majembe. Wapagazi wakabeba mifupa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu nne, zaidi ya tani mia mbili kwa jumla. Mnyama mkubwa kuliko wote amesimamishwa Berlin, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hapa Lindi hatuna hata kidole chake.

Basi nimepunguza. Nitakusanya hela za miaka ya kazi ile, 1909 mpaka 1913. Ni sita: J tano, na A moja ya 1913.

Na nimejiwekea sharti. Kila moja iwe imetoka mkononi mwa mtu au ardhini, Lindi au Mtwara, na niandike imetoka wapi. Ya kuagiza haihesabiki. Nikitaka za kuagiza nitamaliza kwa wiki mbili, maana hela iliyochakaa huko nje haizidi bei ya kilo mbili tatu za sukari.

5 Machi 2023

Nimemaliza kupitia zile 39 kwa lenzi ya jicho. Za 1907 na 1908 ni 22, karibu kila anayeleta hela analeta hizo. Za 1910 mbili, 1911 tatu, 1912 tatu. Za 1904 hadi 1906 ni tano. Nne hazisomeki. Ya 1909 hakuna, ya 1913 hakuna.

Kwa hiyo nusu ninayo tayari bila jasho. Zisizo za mpango nimezirudisha kwenye kopo. Nilitaka kuziuza, uvivu ukanishinda.

Uhifadhi: kila sarafu kwenye bahasha ndogo ya kaki, zile za duka la dawa za kuwekea vidonge. Kwa nje naandika mwaka, herufi, mahali na tarehe. Plastiki laini sitaki, inatoa unyevu wa mafuta na shaba inakuwa kijani. Joto la hapa na chumvi ya bahari ni adui wa kutosha. Ndani ya boksi nimetia vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Muuza viatu jirani sasa ananiwekea, na anadhani navitumia kwa uganga.

18 Juni 2023

1909 J imepatikana, na nimeumia.

Bibi mmoja wa Kitunda, ng'ambo ya maji, alimwambia mwanawe kwamba fundi saa anatafuta hela nyeusi. Alikuwa nayo kwenye kasha la kanga tangu kwa mama yake. Nikavuka. Baada ya shikamoo na chai, bibi akanyanyuka kwa furaha kunionyesha: sarafu inang'aa kama kitasa kipya. Alikuwa ameisugua usiku kucha kwa ukwaju na majivu ili nisione aibu kuipokea. Ngozi yote ya miaka mia imekwenda. Namba inasomeka, J inasomeka, lakini uso wake ni wa waridi kama kidonda kinachopona.

Ningesema nini? Nilishukuru, nikampa elfu kumi na tano, akarudisha elfu tano akisema nyingi mno kwa kitu kisichonunua kitu. Imeingia kwenye bahasha. 1909 J, Kitunda, "imeoshwa kwa ukwaju".

Tangu leo, kila ninayemwambia natafuta, namwambia na hili: usioshe. Usitie ndimu, usitie ukwaju, wala dawa ya meno. Mimi mwenyewe yenye udongo mgumu nailoweka siku mbili tatu kwenye maji ya betri yale safi, nikibadilisha maji kila siku, kisha natoa uchafu kwa kijiti cha mwanzi. Ukienda dukani sema unataka maji, si asidi. Kijana wangu wa kazi aliwahi kuniletea asidi.

9 Agosti 2023

Siku ya rupia. Lazima niiandike kwa sababu inanirudia kila baada ya miezi michache.

Watu wawili na pikipiki, kitambaa chekundu, sauti ya chini. Wanayo "rupia ya Mjerumani inayovuta mchele", bei milioni arobaini, mnunuzi Mwarabu yuko njiani ila mimi nikiharakisha nitapata. Nikawaambia niipime kwanza. Rupia halali ya fedha ina gramu 11.66. Yao ilisoma 8.9. Nikaileta karibu na sumaku ya kushikia bisibisi, ikaruka na kunasa. Fedha hainasi. Mmoja akamwambia mwenzake, "Si unaona? Inavuta!"

Huu ndio ugumu wa kukusanya huku kwetu. Uvumi wa mali alizozika Mjerumani umewafanya watu waione kila sarafu nyeusi kama nyumba ya ghorofa. Mzee mwenye hela tatu za kweli, ambazo ningezilipia vizuri, anazificha akisubiri milioni. Akifa, wajukuu wanazitupa au wanazipeleka chuma chakavu.

2 Desemba 2023

Msimu wa korosho umenisaidia. Shemeji alikwenda Newala kwenye minada, akarudi na 1913 J kutoka kwa mama lishe aliyeitumia kama kizito cha kuzuia kitambaa cha meza. Imetobolewa tundu juu ya taji. Nyingi za hapa zina tundu, zilifungwa uzi wakavalishwa watoto. Wakusanyaji wengi wanazikataa. Mimi nazipokea, alimradi msumari haukupita kwenye mwaka au herufi. Sarafu isiyo na kovu huenda ilikaa ndani ya mfuko wa benki maisha yake yote. Hii ilikuwa shingoni mwa mtu.

Tano kati ya sita. Bado 1913 A.

Februari 2024

Hakuna.

Machi 2024

Hakuna. Mikindani nimepita nyumba kwa nyumba karibu na boma lile la 1895, nimepata 1907 mbili na 1908 moja, na samaki wazuri.

27 Mei 2024

Kimbunga Hidaya kilipiga mwanzoni mwa mwezi, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mzigo wa betri zangu ukakwama. Lakini mvua hufukua. Kijana wa Kilwa amekuja leo na kifuko. Hela mbili za 1908, senti ya Mwingereza yenye tundu, na kitu kingine chembamba, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kijani kitupu, chenye maandishi ya Kiarabu.

Mkono ulinitetemeka. Hiyo ni sarafu ya masultani wa Kilwa. Zile za Ali bin al-Hasan zinasomeka pande mbili kwa vina, kama ubeti: upande mmoja jina lake, upande wa pili kwamba anamtegemea Bwana wa neema, na mwisho wa jina unapatana na mwisho wa sifa. Sarafu za Kilwa ziliokotwa hata visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Washairi wetu wangefurahi kujua kwamba watu wa pwani hii walitia vina hata kwenye chenji.

Nimemrudishia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, si cha kuuza wala kununua hivihivi. Hela zangu ni za juzi, hazimo. Nimemwambia aipeleke kwa wanaolinda magofu na aonyeshe alipoiokota. Alininunia. Hela mbili nilimlipia zaidi ya kawaida, kwa dhamira tu.

14 Septemba 2024

Mteja wangu wa zamani anayeishi Dar es Salaam amepiga simu. Anayo 1913 A, safi, aliinunua Ujerumani alipokwenda kozi, na ananipa bure. Bure kabisa!

Nimekataa. Mke wangu amenitazama kama mtu aliyerudisha mahari.

22 Desemba 2024

Leo mradi umevunjwa na mtoto wa kidato cha tatu.

Mpwa wangu yuko likizo, anakaa dukani na mimi, nikamweleza habari ya zile sita na jinsi 1913 A inavyonitoa roho. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mjomba, hao wapagazi wa 1909 walilipwa hela za 1909 tu?"

Nikamwambia asubiri. Akaendelea bila kusubiri. "Kwani sarafu si zilikuja kwa meli? Na kwenye droo yako hapo kuna za mwaka huu?"

Tulifungua droo ya mauzo. Sarafu 31. Hakuna hata moja ya 2024, wala ya 2023. Mia tano zote zinasoma 2014. Kuna mia moja ya 1994, Nyerere kachoka kabisa usoni. Kwa hiyo siku nzima ya biashara ya fundi saa wa Lindi imepita bila sarafu hata moja iliyopigwa ndani ya miaka mitano, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba mpagazi wa 1909 alipokea hela yenye joto la mtambo wa Hamburg.

Hakuishia hapo. Alitaka kujua kazi ile ilifungwa lini. Msimu wa mwisho wa watu wa Berlin ulikuwa wa 1912, chini ya Hans Reck, na mwanzoni mwa 1913 wakafunga. Sarafu yenye mwaka 1913, ipigwe, ipakiwe, ivuke bahari, ifike Lindi, wapagazi walikuwa wamesharudi mashambani kwao. Nilijua tarehe zote hizo. Nimeziandika kwenye shajara hii kwa mkono wangu. Sikuwahi kuziweka pamoja.

Mwaka na zaidi nimeitafuta 1913 A, nimekataa ya bure, na haikuwa na haki ya kuwemo.

Swali lake la mwisho lilikuwa zito zaidi: babu alibeba kwa Mjerumani au kwa Mwingereza? Maana Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia 1924, na hao walilipa kwa shilingi na senti. Nikampigia mama. Mama akasema, kwa neno la wazee la Mjerumani, "Mdachi. Tena msinisumbue, nina futari jikoni." Alikuwa anafunga za sunna.

29 Desemba 2024

Orodha mpya. Nachukua kila hela iliyoweza kuwa imefika Lindi kabla kazi haijafungwa, yaani 1904 mpaka 1912. Ni 12. Zote mbili za 1913 zinatoka. Ya Newala ya mama lishe imetoka pia, na hiyo imeniuma kuliko ile A nisiyowahi kuiona.

Nimerudi kwenye kopo. Ahsante uvivu. Zile tano za mwanzo ni 1904 A mbili, 1905 A moja, 1905 J mbili. Pamoja na 1907, 1908 na zile nne za kati, ninazo tisa. Zinakosekana 1904 J, 1906 A na 1906 J.

4 Januari 2025

Nimeshinda na zile nne zisizosomeka. Nimezima taa ya dari, nimewasha tochi ya simu kwa ubavu, karibu kulala mezani, ili kila mwinuko utupe kivuli. Mbili ni bapa kama vifungo. Ya tatu ilitoa mwaka 190 na kitu cha duara mwishoni, sita au nane. Lakini chini ya shada kulikuwa na A, imesimama wazi. Hamburg peke yake ndiyo iliyopiga 1908, kwa hiyo A haiwezi kuwa nane. Ni 1906 A. Nilipiga meza, saa ya mteja ikaanguka, ikapona.

Ya nne ina duara lilelile na herufi J. Hapo mantiki haisaidii, maana J zipo za 1906 na za 1908, na za 1908 ndizo zilizojaa kila mahali. Kivuli cha juu kinaonyesha kama duara halijafunga. Nikitazama kwa tamaa naona sita. Mpwa ametazama bila tamaa akasema nane. Bahasha inasema "1906/8 J, chuma chakavu, Mtaa wa Sokoni", na haihesabiki.

Kumi kati ya 12.

16 Februari 2025

Jamaa wa chuma chakavu wa Mtama amenitumia kifurushi kwa basi. Hela saba zilizochimbuliwa kwenye msingi wa nyumba, udongo mwekundu umeganda. Nimeziloweka tangu juzi. Sita ni 1907, 1908, 1908, 1910, 1911, 1912. Ya saba nimeigeuza nikaona 1913, nikaigeuza tena.

A.

Kahawia iliyokolea, haina tundu, haijaguswa na ukwaju wa mtu. Nimeilipia sawa na nyingine. Nimeiandikia bahasha, 1913 A, Mtama, na chini yake "imechelewa", nikaiweka na ile ya Newala nyuma ya boksi.

Zinazotafutwa ni 1904 J na 1906 J. Mzee mmoja wa Mingoyo inasemekana ana kibuyu cha hela alichorithi na hataki kukifungua mbele ya mtu mwenye haraka. Nitakwenda Idi ikipita, nikilala huko siku mbili. Mpwa kasema niende na tochi nzuri, na yeye.